Nyota Yako Ilianza Kama Kibarua

Wasee, leo tunaongea nyota. Si wale wa muziki. Zile kumi na mbili ambazo zinakuambia kama wiki hii utaokota pesa ama utaachwa.

Mtaani hii maneno imeshika. Hapa Mwiki nimeona posti ya mtu anatafuta wa kuishi naye bedsita, wagawane kodi, na mwisho kaandika kwamba Scorpio asijisumbue kupiga simu. Dem ninayemjua alimnyamazia jamaa wiki mbili kwa sababu jamaa amezaliwa Juni, eti Gemini wana nyuso mbili. Sasa mtu ananyimwa nyumba ama mapenzi kwa sababu ya tarehe ambayo mamake hakuichagua. Kama kitu kina nguvu hivyo, basi tukihoji kidogo. Nyota hizi zilitoka wapi? Nani alizipanga? Na kwa nini Kondoo ni namba moja na Samaki anafunga mlango?

Mimi chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha. Twende.

Ni barabara, si ligi

Jua haliendi ovyo angani. Ukifuatilia mwaka mzima utaona lina njia moja, na nyuma ya njia hiyo kuna makundi ya nyota. Mwezi unapita njia hiyohiyo. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na sayari nyingine nazo haziendi mbali nayo. Fikiria barabara ya kutoka Githurai kuja Mwiki. Matatu zote zinapita hapo, na stegi zinafuatana. Huwezi kufika ya mwisho kabla ya zile za katikati.

Mpangilio wa nyota ni mpangilio wa stegi: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Hakuna mtu aliyekaa chini akaamua Simba amfuate Kaa kwa sababu ya tabia zao. Jua likitoka kwa Kaa, linalofuata ni Simba. Basi. Kitu pekee ambacho binadamu waliamua ni stegi ngapi, na safari ihesabiwe kuanzia wapi. Hapo ndipo historia inapoanza.

Babeli, na ile nyota ya plau

Turudi Iraki ya leo, nchi ya zamani ya Babeli. Watu wa huko waliandika kwa kubonyeza udongo mbichi, halafu vibao vikakauka. Kuna andiko lao moja linaitwa MUL.APIN, maana yake nyota ya plau. Wataalamu wanakadiria lilitungwa karibu mwaka 1000 kabla ya Kristo, na nakala ya zamani zaidi yenye tarehe ni ya mwaka 686 kabla ya Kristo. Ndani yake kuna orodha ya makundi ya nyota yaliyo kwenye njia ya mwezi. Na hayakuwa kumi na mbili. Yalikuwa kama kumi na saba.

Unajua la kwanza lilikuwa gani? Si Kondoo. Lilikuwa kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana ambacho Waswahili wanakiita Kilimia. Na Kilimia, jina lenyewe limetoka kwa kulima. Watu wa pwani walikiangalia kikizama na kuchomoza ili wajue mvua zinavyokwenda. Wamaasai nao walikifuata, na katika hesabu yao ya miezi kuna mwezi uliopewa jina lake. Kwa hivyo andiko la Babeli linaitwa plau, linaanza na nyota ambazo sisi tunaziita za kulima, na hawa watu hawakuwa wamekutana. Wote walikuwa na shida moja: nipande lini nisife njaa?

Sasa Kondoo. Katika ile orodha, mahali ambapo leo tunamweka Kondoo palikuwa na mtu. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira, yaani mfanyakazi wa shambani wa kulipwa. Kibarua! Wewe unayejiita Aries, mwenye pembe, kiongozi wa kuzaliwa, nyota yako ilikuwa msee wa kibarua anangoja kulipwa jioni. Wataalamu wengi wanadhani mabadiliko yalikuja kwa mchezo wa maandishi, kwa sababu alama ya mtu ilitamkwa sawa na alama ya kondoo. Waandishi wakafupisha, kondoo akaingia, kibarua akasahaulika. Kama kawaida ya vibarua.

Kwa nini kumi na mbili

Wababeli walikuwa na mwaka wa hesabu wenye miezi 12, kila mwezi siku 30. Jumla 360. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo walichukua hesabu hiyo ya kalenda wakaibandika angani. Njia ya jua ikakatwa vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja nyuzi 30. Vile mtu anapima shamba akakata ploti za saizi moja, hata kama shamba lenyewe lina bonde hapa na mawe pale.

Hii ni pointi kubwa, ishike. Makundi ya nyota yenyewe hayalingani. Mashuke ni kundi refu sana, jua hulipita kwa siku kama 45. Nge jua hulipita kwa siku kama 7 tu. Lakini kwenye hesabu kila mmoja amepewa ploti ya nyuzi 30. Tangu siku hiyo kukawa na vitu viwili vyenye jina moja: kundi la nyota lenyewe, na kipande cha kalenda kilichopewa jina lake.

Na safari ikahesabiwa kuanzia wapi? Mwaka mpya wa Babeli ulianza na mwezi wa Nisannu, karibu na ile siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Kipande cha mwezi huo kilikuwa cha yule kibarua aliyegeuka kondoo. Ndiyo maana Kondoo ni namba moja. Si kwa sababu ni mkali. Ni kwa sababu kalenda ya serikali ya Babeli ilifunguliwa hapo.

Kabla ya hapo wanajimu walisoma nyota kwa ajili ya mfalme na nchi: vita, njaa, mafuriko. Wewe na mimi hatukuwa kwenye hesabu. Vibao vya zamani zaidi tunavyovijua vinavyosoma nyota za mtu siku aliyozaliwa ni vya mwaka 410 kabla ya Kristo. Hapo ndipo nyota ilipoanza kuwa "yangu".

Halafu ikaja Afrika

Kuna watu wanasema nyota ni mambo ya Wazungu. Pole. Baada ya Babeli, kazi kubwa ilifanyika Misri, kwenye mji wa Iskandaria, ambako Wagiriki, Wamisri na wengine walichanganya elimu zao. Kwenye hekalu la Dendera, Misri, kulichongwa dari lenye nyota zote kumi na mbili, karibu miaka 50 kabla ya Kristo. Mwaka 1821 Wafaransa walilikata dari hilo wakalibeba, na leo liko Louvre, Paris. Ukitaka kuliona lilikokuwa utaonyeshwa nakala.

Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Ptolemy wa Iskandaria aliandika kitabu kinachoitwa Tetrabiblos. Wanajimu wa Ulaya bado wanamfuata. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba Kondoo aanze pale ambapo jua liko siku ya Machi ya mchana na usiku kulingana, hata nyota zenyewe ziwe wapi.

Alieleza pia jinsi nyota zilivyogawiwa sayari, na hapa kuna mpangilio mtamu. Simba alipewa Jua, Kaa akapewa Mwezi, kwa sababu kule kwao hao ndio wa miezi ya joto kali. Halafu unatoka hapo katikati ukienda pande zote mbili kwa kufuata sayari. Utaridi anapata Mapacha na Mashuke. Zuhura anapata Ng'ombe na Mizani. Mirihi anapata Kondoo na Nge. Mshtarii anapata Samaki na Mshale. Zohali, aliye mbali na baridi, anabaki na Ndoo na Mbuzi, ambao kwao ni wa miezi ya baridi. Juu ya hayo wakaweka moto, udongo, hewa na maji, vikizunguka kwa zamu: Kondoo moto, Ng'ombe udongo, Mapacha hewa, Kaa maji, halafu unarudia mpaka mwisho.

Ni mpango msafi, sikatai. Lakini umejengwa juu ya majira ya watu wanaoishi kaskazini. Wanakwambia mwisho wa Julai Jua liko nyumbani kwake, nyota ya Simba, moto mtupu. Wewe toka nje hapa Mwiki asubuhi ya Julai. Watu wamevaa marvin na jaketi mbili, ukungu umelala mpaka saa nne, na chai inapoa kabla hujameza. Tuko karibu nyuzi moja tu kusini mwa ikweta na Julai ndiyo baridi yetu. Kama tabia ya Simba ilitokana na joto la Agosti la Iskandaria, sisi wa huku tuliozaliwa kwenye baridi tumepewa nguo ya mtu mwingine.

Waswahili walikuwa nazo kitambo

Hii sehemu ndiyo ilinifanya niandike. Wengi wetu tunataja nyota kwa majina ya Kilatini kana kwamba Kiswahili kiliachwa nyuma. Kumbe Waarabu waliichukua elimu hii, wakaikuza Baghdad na kwingine, na wafanyabiashara, mabaharia na masheikh wakaileta pwani yetu. Waswahili wakaziita buruji: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Mpangilio ni uleule wa Babeli.

Angalia Saratani. Umelisikia hilo jina hospitalini, si ndiyo? Kwa Kiarabu ni kaa. Madaktari wa Kigiriki wa zamani waliuona uvimbe wenye mishipa iliyotandaa wakasema unafanana na kaa, wakauita hivyo. Jina likatafsiriwa kwa Kiarabu, likafika kwetu. Ndiyo maana ugonjwa na nyota vina jina moja.

Angalia Mashuke, ama Sumbula, ambayo ni shuke la nafaka. Wazungu wanaiita bikira. Lakini Wababeli waliita kundi hilo Mfuo, yaani mstari wa shamba uliolimwa, na walilichora kama mungu wa kike ameshika shuke. Kwa hivyo Kiswahili kimehifadhi shuke lenyewe ambalo mkulima wa Babeli alilijua. Hizo ni zaidi ya miaka 2,500, na neno unaweza kulipeleka shambani leo likaeleweka.

Na Akarabu, yaani nge. Pwani watu walikuwa wanaepuka kuoa ama kuanza safari siku ambazo mwezi uko Akarabu. Kwa hivyo yule mtu wa bedsita na Scorpio wake si wa kwanza. Tofauti ni kwamba mzee wa pwani aliogopa siku mbili tatu za mwezi, zikapita, maisha yakaendelea. Yeye anamwogopa binadamu mwenzake maisha yake yote.

Mwiki ziko mbili

Sasa kuna tatizo ambalo programu yako ya simu haikuambii. Dunia inayumba polepole kama pia inayozunguka. Mzunguko mmoja wa kuyumba unachukua karibu miaka 26,000. Matokeo yake, ile sehemu ya Machi inasogea kwenye nyota nyuzi moja kila miaka 72 hivi. Hipparchus, Mgiriki, aligundua hili katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Kutoka wakati wa Ptolemy mpaka leo tumesogea karibu ploti nzima.

Yaani tarehe 21 Machi, siku ambayo kalenda inasema Kondoo ameanza, jua kwa kweli liko mbele ya kundi la Samaki. Halifiki kwa kundi la Kondoo mpaka Aprili imepita katikati. Na kati ya Nge na Mshale jua linapita kundi lingine kabisa, la mtu aliyeshika nyoka, linakaa huko kama siku 18. Mipaka rasmi ya makundi ilichorwa na wanaastronomia wa kimataifa na kuchapishwa mwaka 1930, na kwa mipaka hiyo jua linapita makundi 13.

Wanajimu wa India wao walichagua kufuata nyota zenyewe. Kwa hivyo mtu aliyezaliwa tarehe 5 Aprili ni Kondoo kwa mnajimu wa London na ni Samaki kwa mnajimu wa Mumbai. Mtu mmoja, tarehe moja.

Kama bado hujaelewa, fikiria Mwiki. Ukimwambia makanga unashuka Mwiki bila kueleza, unaweza kujikuta umepanda gari la upande mwingine. Kuna wadi ya Mwiki huku Ruiru, Kaunti ya Kiambu, na kuna wadi ya Mwiki kule Kasarani, Nairobi. Jina moja, kaunti mbili, wawakilishi wawili. Nge ya kalenda na Nge ya angani ni hivyo hivyo. Mtu anakusomea tabia za moja huku wewe unadhani anaongea kuhusu nyingine.

Na hii si ajabu kwetu, kwa sababu pwani ilishapitia. Nairuzi, siku ya mwaka ya Waswahili, ina asili ya Uajemi, ambako mwaka mpya huanza jua likiingia Hamali mwezi Machi. Lakini mwaka wa Nairuzi ulihesabiwa siku 365 kamili bila kuongeza siku kila mwaka wa nne, hivyo ukawa unateleza. Leo Makunduchi, Zanzibar, Mwaka Kogwa unasherehekewa Julai. Jina lilibaki, jua likahama. Na watu wa Makunduchi hawasumbuki: wanachoma kibanda, wanapigana kwa migomba, wanakula pamoja. Sherehe ni yao, si ya jua.

Nani alikupa "nyota yako"

Kwa karne nyingi mnajimu hakuuliza mwezi uliozaliwa tu. Alitaka saa, mahali, mwezi wa angani uko wapi, kila sayari iko wapi. Ilikuwa kazi ya hesabu. Hii ya kukata watu wote duniani mafungu 12 ni ya juzi, na ni ya gazeti.

Agosti 1930, Sunday Express la London lilimwomba R. H. Naylor amsomee nyota mtoto wa kifalme aliyezaliwa mwezi huo, Princess Margaret. Ndiyo, yule aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1956, na hospitali ya Dar es Salaam ambayo leo ni Muhimbili ikaitwa kwa jina lake. Wasomaji walipenda, gazeti likataka zaidi. Lakini gazeti haliwezi kumhesabia kila msomaji saa yake ya kuzaliwa. Suluhisho likawa aya 12 fupi, moja kwa kila nyota ya jua. Magazeti mengine yakaiga, mpaka ikafika kwetu. Afrika Mashariki tukawa na wetu pia, kama marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Tanzania, aliyefariki Mei 2011, ambaye utabiri wake ulizungumzwa nchi nzima.

Kwa hivyo ile aya inayosema wewe ni mkaidi lakini una moyo mzuri iliandikwa iwe fupi ya kutosha kuingia kwenye safu ya gazeti. Na nani asiyekuwa mkaidi mwenye moyo mzuri?

Msimamo wangu

Sisemi ufute programu. Kuna usiku mtu anataka tu kuambiwa kesho itakuwa sawa. Naelewa. Nilipoacha chuo, kila mtu alikuwa na utabiri wake juu yangu, na hakuna aliyeangalia angani.

Ninachokataa ni mambo mawili. La kwanza ni dharau. Tunacheka lile bango la mganga kwenye nguzo ya stima, halafu tunalipia programu ya simu kwa kazi ileile, kwa sababu hii ina rangi nzuri na Kizungu. La pili ni hukumu. Nyota hizi zilitengenezwa kumsaidia mkulima ajue msimu. Zilikuwa kalenda. Kuchukua kalenda ya Babeli, ukaichanganya na joto la Iskandaria, ukaifupisha kwa safu ya gazeti la London, halafu umnyime nayo mtu nyumba Mwiki? Hapana, manze.

Kama unapenda nyota, zipende vizuri. Kati ya Desemba na Februari, stima ikipotea usiku, toka nje uangalie juu upande wa kaskazini. Utaona kale kakikundi ka nyota zimebanana. Hako ndiko Kilimia, namba moja ya zamani, kabla ya kibarua na kabla ya kondoo. Julai na Agosti, mawingu yakiruhusu, utamwona Nge mzima amekunja mkia. Haulipii bando.

Halafu muulize shosho ama guka nyumbani kwenu Kilimia waliita nini na walikitumia kujua nini. Andika hapo kwa komenti, pamoja na lugha yako. Nataka tujaze hiyo orodha kabla wanaokumbuka hawajaisha.